Picha Imechapishwa, Je, Nakala Iliyobaki Saiba?

Mkazi wa Nyeri, Karatina au Nanyuki anayetaka kuchapishiwa picha ya mtoto mara nyingi humtumia mhudumu wa saiba kwa WhatsApp. Anaondoka na karatasi mkononi, lakini nakala inabaki kwenye simu au kompyuta ya duka. Kufuta ujumbe baadaye hakuondoi nakala iliyokwisha kupakuliwa.

Ni salama zaidi kubeba flashi yenye picha za kuchapishwa pekee. Zikinakiliwa kwenye kompyuta, mteja aombe zifutwe mbele yake, pamoja na zilizo katika pipa la taka la kompyuta. Karatasi zilizoharibika azichukue pia.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu duka kutumia picha ya mteja kujitangazia biashara bila ridhaa yake. Kwa mtoto, ridhaa ni ya mzazi au mlezi. Septemba 2023, shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kusambaza picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Malalamiko hupokelewa bila malipo na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.