Ijumaa Usiku Kigali: Nani Atashika Usukani?

Ijumaa jioni pale Kisimenti, Remera, moshi wa mishikaki, ambayo wenyeji huiita brosheti, hutanda hadi barabarani. Mbuzi anageuzwa juu ya makaa, ndizi zinachomwa pembeni, na chupa za Primus na Mützig zinatua mezani mbilimbili. Mgeni aliyechukua gari la kukodi uwanja wa ndege wa Kanombe hujiona yuko nyumbani. Swali la nani atalirudisha gari hotelini linafaa kujibiwa hapo hapo, kabla kizibo cha kwanza hakijang'olewa.

Kigali haina mchezo na ulevi barabarani. Mwezi Mei 2019 Polisi ya Rwanda ilianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, maneno ambayo Mswahili anakaribia kuyaelewa bila mkalimani: fika huko kwa amani. Tangu hapo, dereva anayekutwa na zaidi ya gramu 0.8 za pombe kwa kila lita ya damu amekuwa akitozwa faini ya faranga 150,000, kama dola 100 za Marekani, na kulala mahabusu siku tano. Gari nalo hushikiliwa.

Faini inauma, lakini kwa msafiri zinazouma zaidi ni zile siku tano. Ndege ya Jumapili haimsubiri mtu aliye mahabusu, na kibali cha kwenda kuona gorila katika hifadhi ya Volcanoes kina tarehe yake.

Ukaguzi wenyewe ni wa dakika chache. Askari mwenye kizibao kinachong'aa huashiria kwa tochi, husalimia, huomba leseni, kisha hunyoosha kipima ulevi. Dereva anapuliza, namba inatokea kwenye kioo kidogo, na namba hiyo ndiyo inayozungumza.

Wengi huponzwa na hesabu ya chupa. "Nimekunywa mbili tu," mtu husema, na ni kweli. Ila chupa kubwa ya Primus ina sentilita 72, kwa hiyo mbili zake zinazidi chupa nne ndogo za sentilita 33. Urwagwa, pombe ya ndizi, ni mtego mkubwa zaidi: ile inayopikwa majumbani haina lebo ya kumwambia mnywaji nguvu yake. Kahawa na maji baridi havipunguzi pombe iliyo kwenye damu. Ini hufanya kazi kwa mwendo wake, na aliyekunywa hadi saa nane usiku anaweza kuamka saa moja asubuhi akiwa bado amezidi kiwango.

Na asitokee wa kudhani cheo au pasipoti itamwokoa. Mwezi Novemba 2022 Rais Paul Kagame alisema hadharani kwamba kuna mbunge aliyekutwa akiendesha gari amelewa, akaachwa aende kwa sababu ya kinga ya ubunge. Siku chache hazikupita, Gamariel Mbonimana akajiuzulu ubunge, akaomba radhi mbele ya umma na kutangaza kuwa ameacha pombe. Kuomba radhi hadharani kunahitaji ujasiri, na kisa chake kinakumbukwa hadi leo.

Kuna tabia moja ambayo msafiri wa Afrika Mashariki aiache mpakani: kukunja noti ndani ya leseni. Chini ya sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2018, anayetoa hongo anaweza kufungwa kati ya miaka mitano na saba, pamoja na faini ya mara tatu hadi tano ya thamani ya alichotoa. Aliyekuwa anakwepa siku tano atakuwa amejitafutia miaka.

Jiji lenyewe limezaa dawa yake. Wapo vijana wanaoitwa abasare, yaani wavushaji wa mitumbwi, ambao kazi yao ni kumwendesha mnywaji hadi nyumbani katika gari lake mwenyewe. Mhudumu wa baa akiombwa, mara nyingi anamjua mmoja. Bei ipatanwe kabla ufunguo haujatoka mkononi, na leseni yake itazamwe. Kwa gari la kukodi, hata hivyo, mkataba usomwe kwanza, kwani huenda unamruhusu dereva aliyeandikwa tu. Hapo ni bora gari lilale hotelini tangu jioni, watu waende kwa teksi. Pikipiki, ambayo hapa huitwa moto, ni rahisi, lakini hubeba abiria mmoja aliyevaa kofia ngumu, na aliyelewa asipande: Kigali ni milima na kona.

Anayetoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam akumbuke pia kwamba Rwanda magari hupita kulia. Mtu mwenye akili timamu huchanganyikiwa kwenye mzunguko siku ya kwanza, sembuse aliyekunywa. Kamera za mwendo kasi, ambazo wakazi wamezipa jina la Sofia, hazilali.

Kwa atakayebaki na ufunguo, Biryogo, upande wa Nyamirambo, ni mahali pazuri pa kukaa: mtaa uliopakwa rangi, meza katikati ya barabara isiyopitisha magari, chai ya maziwa, na Kiswahili kila pembe. Ajali ikitokea popote jijini, polisi wa usalama barabarani hupatikana kwa 113, dharura nyingine kwa 112, na gari la wagonjwa kwa 912.