Cheche Inayopotea Injini Ikipata Joto

Land Rover kuukuu ya petroli itokayo Usinge kwenda Tabora huwaka vizuri alfajiri, kisha jua likiwa kali hukohoa na kuzimika porini, mbali na fundi yeyote. Pointi husuguliwa kwa msasa, gari huenda. Baada ya siku chache ugonjwa hurudi. Pointi hulaumiwa, na mara nyingi huonewa.

Ikiwa petroli inafika, na itazamwe njia ya umeme. Betri ya volti 12 haiwezi kurusha cheche kwenye plagi. Kazi hiyo ni ya koili. Pointi zinapoachana, mkondo katika msokoto wa kwanza hukatika, uga wa sumaku huporomoka, na msokoto wa pili, wenye mizunguko mingi zaidi, hutoa maelfu ya volti. Lakini sharti mkondo ukatike ghafla. Bila kizuizi, ungeruka mwanya wa pointi na kuziunguza. Kondensa huupokea kwa kitambo kidogo, mwanya ukizidi kupanuka. Injini ya silinda nne izungukayo mara 3000 kwa dakika hudai cheche 100 kila sekunde!

Kondensa iliyochakaa yaweza kufanya kazi ikiwa baridi na kushindwa ikipata joto. Dalili zake ni pointi zilizoungua upesi na cheche dhaifu ya manjano badala ya buluu. Kwa hiyo hubadilishwa kondensa pamoja na pointi, mwanya hupimwa milimita 0.35 hadi 0.40, na gari hujaribiwa mpaka lipate joto. Likizimika tena, koili ipimwe papo hapo ingali moto, kwani ikipoa huonekana nzima.