Nani Hustahili Kusaidiwa? Masharti ya Ruzuku ya Umeme wa Jua Majumbani

Paneli ya umeme wa jua ina tabia moja inayoitenga na jenereta: karibu gharama yake yote hulipwa siku ya kwanza. Jenereta hununuliwa kwa fedha chache, kisha hula mafuta kila siku. Paneli haili kitu, lakini mnunuzi hutakiwa kulipa mapema umeme atakaoupata kwa muda wa miaka 20 au zaidi. Ni kama kumwambia mkulima alipe leo mafuta ya taa yote atakayoyatumia mpaka atakapopata wajukuu. Mkulima huyo huenda ana uwezo wa kulipa kidogo kidogo, na pengine hulipa zaidi kwa mafuta hayo; asichokuwa nacho ni fungu lote kwa mara moja.

Hapo ndipo serikali mbalimbali zimeingia kati kwa ruzuku na mikopo. Lakini fedha za umma hazitoshi kila mtu, na kwa hiyo kila mpango huwa na masharti ya kumtambua anayestahili. Kwa kawaida masharti hayo husomwa kama karatasi za ofisini. Makala haya yanayachunguza kwa njia nyingine, yaani kama chujio lililotengenezwa kwa fizikia na hesabu, ambalo huamua ni nyumba ipi itapata mwanga na ipi itabaki gizani. Mifano miwili imechaguliwa kwa sababu inapingana. Nchini India, katika mpango ulioanzishwa mwaka 2024, nyumba haistahili isipokuwa ina umeme wa gridi. Nchini Bangladesh, katika mpango ulioendeshwa kuanzia mwaka 2003 hadi 2018, waliolengwa walikuwa wale ambao gridi haikuwafikia.

Paa na mita

Mpango wa India huitwa PM Surya Ghar. Baraza la mawaziri la nchi hiyo liliuidhinisha tarehe 29 Februari 2024, ukatengewa rupia bilioni 750.21 kwa lengo la kuzifikia nyumba milioni 10. Masharti ya mwombaji yaliyotangazwa ni machache: awe raia, awe na nyumba yenye paa linalofaa kuwekwa paneli, nyumba iwe na umeme uliounganishwa kihalali, na nyumba isiwe imekwisha kupokea ruzuku nyingine ya paneli.

Tuanze na paa. Paneli hupimwa katika maabara chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Paneli nzuri ya silikoni hugeuza kiasi cha sehemu moja ya tano ya nguvu hiyo kuwa umeme, yaani wati 200 kwa mita ya mraba. Basi kilowati moja huhitaji mita za mraba 5 za paneli, mbali na nafasi ya kupita fundi na ya kukwepa vivuli. Kivuli si jambo dogo. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfululizo, na mwanafunzi atakumbuka kwamba katika mfululizo mkondo ni mmoja kila mahali. Seli moja iliyofunikwa na kivuli cha tangi la maji huwazuilia njia wenzake wote. Watengenezaji huweka diodi za kupitishia mkondo pembeni ili kupunguza hasara hiyo, lakini hawaiondoi kabisa. Joto nalo hudhuru. Kwa kila digrii moja ya Selsiasi juu ya 25, paneli ya silikoni hupoteza kiasi cha asilimia 0.4 ya nguvu zake. Paneli iliyofikia digrii 55 juani, jambo la kawaida katika nchi zetu, huwa imepoteza asilimia 12. Wanaosema kwamba nchi ya joto ndiyo nchi ya umeme wa jua wamepata nusu ya ukweli tu: kinachohitajika ni mwanga, na joto ni mgeni asiyealikwa.

Sharti la kuwa na umeme wa gridi lina sababu yake pia. Mitambo ya mpango huu haitegemei betri. Mchana nyumba hutumia umeme wa paa lake na kuupeleka kwenye gridi unaozidi. Usiku huchukua wa gridi. Mita huhesabu pande zote mbili, na mwenye nyumba hutozwa tofauti iliyobaki. Gridi ndiyo betri. Nyumba isiyounganishwa ingelazimika kununua betri halisi, na gharama ingekuwa nyingine kabisa.

Ni wazi, basi, nani anachujwa. Mpangaji hana paa, hata akiwa ndiye anayelipa umeme kila mwezi. Mwenye kibanda cha nyasi ana paa lisiloweza kubeba paneli. Wakazi wa majumba ya ghorofa huishi wengi chini ya paa moja. Kwao mpango uliweka njia ya pembeni, yaani ruzuku ya rupia 18,000 kwa kilowati kwa ajili ya matumizi ya pamoja, kama taa za ngazi na pampu za maji.

Ruzuku iliyopinda mara mbili

Kiasi cha ruzuku kwa nyumba moja ni somo zuri la hesabu. Kwa kilowati mbili za mwanzo, serikali hulipa rupia 30,000 kwa kila kilowati. Kwa kilowati ya tatu hulipa 18,000. Baada ya hapo haiongezi chochote. Ukichora grafu ya ruzuku dhidi ya ukubwa wa mtambo, utapata mstari unaopanda kwa kasi hadi 60,000, unaopanda polepole hadi 78,000, kisha unalala. Mwenye mtambo wa kilowati 1 amepata 30,000 kwa kilowati. Mwenye 3 amepata wastani wa 26,000. Mwenye 5 amepata 15,600. Na tajiri aliyeweka 10 amepata 7,800 tu. Hakuna afisa aliyeuliza mshahara wa mtu, lakini umbo la grafu limekwisha kumpendelea mwenye mahitaji madogo. Ni njia ya busara, kwa kuwa mapato ya watu ni magumu kuyachunguza na ni rahisi kuyaficha, ilhali paneli juu ya paa huonekana na kila mpita njia.

Kwa nini kikomo kiwe kilowati 3? Tukadirie kwamba kwa wastani wa mwaka mahali hupata mwanga ulio sawa na saa 5 kwa siku za jua kamili la maabara, na kwamba joto, vumbi na nyaya hupoteza sehemu moja ya tano. Kilowati moja itatoa 1 × 5 × 0.8, yaani uniti 4 kwa siku, au 120 kwa mwezi wa siku 30. Kilowati 3 zitatoa uniti 360. Ahadi ya mpango ilikuwa hadi uniti 300 kwa mwezi bila malipo. Kikomo, kwa hiyo, hakikuokotwa njiani: serikali iliacha kulipa pale ambapo ahadi yake ilikuwa imekwisha kutimia.

Hata hivyo kuna sharti moja ambalo halipatikani katika orodha ya wanaostahili. Ruzuku huingizwa katika akaunti ya benki ya mwombaji baada ya mtambo kufungwa, kukaguliwa na kuwekewa mita. Makadirio ya serikali yalikuwa kwamba ruzuku ni asilimia 60 ya gharama kwa kilowati mbili za mwanzo na asilimia 40 kwa ile ya tatu. Mwanafunzi akirudi nyuma kwa kugawanya atapata gharama ya rupia 50,000 kwa kila moja ya zile mbili, na 45,000 kwa ya tatu, jumla 145,000. Kati ya hizo, 67,000 hazirudi, na 78,000 hurudi baadaye. Asiye na akiba hana budi kukopa. Waliobuni mpango walilijua jambo hili, wakapanga mikopo ya benki yenye riba nafuu na isiyodai dhamana kwa mitambo ya hadi kilowati 3. Lakini mkopo nao huwa na masharti yake, na hapo chujio la pili huanza.

Bangladesh: kustahili kwa kulipa kidogo kidogo

Mwaka 2003 sehemu kubwa ya vijiji vya Bangladesh haikuwa na umeme, na mito mingi ya nchi hiyo iliyafanya mambo ya nguzo na nyaya kuwa ya gharama kubwa. Kampuni ya fedha ya serikali, IDCOL, ikaanzisha mpango kwa msaada wa Benki ya Dunia. Haikumkopesha mwanakijiji moja kwa moja. Iliyakopesha mashirika yaliyokuwa yamekwisha kuzoeleka vijijini, kubwa kati yake likiwa Grameen Shakti. Nayo yaliuza mitambo, yakaifunga, yakakusanya malipo na kufanya matengenezo.

Mnunuzi alitakiwa aishi mahali pasipofikiwa na gridi, atoe kianzio cha asilimia 10 hadi 15 ya bei, na amalize deni kwa miaka miwili au mitatu. Shirika lilimpima kwa kumfahamu. Aidha vifaa navyo vilipaswa kustahili: kamati ya wataalamu iliidhinisha aina zake, paneli ikiwa na dhamana ya miaka 20 na betri miaka 5. Sharti hili la mwisho ndilo lililomlinda mwananchi kuliko mengine yote, maana betri ikifa kabla ya deni kwisha, nani ataendelea kulipa?

Mtambo wa wati 50 ulitosha nini? Kwa saa 4 za jua kamili hutoa wati-saa 200. Robo ikipotea katika betri na nyaya, hubaki 150. Taa nne za wati 6 kwa saa 4 hutumia 96. Televisheni ndogo ya wati 15 kwa saa 3 hutumia 45. Jumla ni 141. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya sita ya uniti moja; lakini kwa mtoto aliyekuwa akisoma kwa koroboi, ni tofauti ya usiku na mchana.

Ruzuku ilianza kwa dola 90 za Marekani kwa mtambo, na kadiri bei za paneli zilivyoshuka ikapunguzwa hadi dola 20, tena kwa mitambo midogo tu. Lengo la kwanza lilikuwa mitambo 50,000 kufikia katikati ya mwaka 2008. Lilitimizwa mwaka 2005. Kufikia 2018 mitambo zaidi ya milioni 4 ilikuwa imefungwa.

Anguko lake linafundisha zaidi kuliko mafanikio. Baada ya mwaka 2013 mauzo yalipungua. Gridi ilisambaa kwa kasi, na nyumba nyingi zikaacha kuwa mahali pasipofikiwa. Zaidi ya hayo serikali hiyo hiyo, kupitia mipango yake ya kuwasaidia maskini vijijini, ilianza kugawa mitambo bila malipo. Chukua kijiji ambamo jirani mmoja bado anadaiwa mafungu 20 na mwingine amepewa bure. Wadaiwa waliacha kulipa, na wasionunua wakaona heri wangoje. Kila moja ya mipango hiyo, ikitazamwa peke yake, ilikuwa na masharti ya haki. Kosa lilikuwa kuyaweka masharti mawili yanayogombana katika kijiji kimoja.

Karibu na nyumbani

Kenya ilifuata njia ya tatu katika mradi wa KOSAP, uliokubaliwa na Benki ya Dunia mwaka 2017. Kilichotazamwa kwanza ni mahali: kaunti 14 zilizoachwa nyuma, zikiwamo Turkana, Mandera, Lamu, Kilifi na Kwale. Fedha za motisha zilikwenda kwa kampuni za kuuza mitambo, tena baada ya mauzo kuhakikiwa, wala si kwa mnunuzi. Rwanda ilipanga ruzuku kwa kufuata madaraja ya Ubudehe yaliyotumika wakati huo, familia maskini zaidi zikipewa sehemu kubwa zaidi. Tanzania iliunda Wakala na Mfuko wa Nishati Vijijini kwa sheria ya mwaka 2005, na kazi hiyo ikapewa mipaka ya vijijini tangu katika jina lenyewe.

Zoezi

Mwalimu anaweza kuwaomba wanafunzi wahesabu nyumba kumi za mtaa wao na kuandika, kwa kila moja, kama ina gridi, kama wakazi ni wapangaji, na paa lake ni la nini. Kisha wazipitishe nyumba hizo katika masharti ya India, halafu katika ya Bangladesh, na kulinganisha orodha mbili zitakazopatikana. Wenye kupenda hesabu wagawanye rupia bilioni 750.21 kwa nyumba milioni 10, wapime kama kiasi hicho kingetosha iwapo kila nyumba ingechagua kilowati 3, na waeleze serikali ilitegemea nini.