Sare Zimeshonwa, Pesa Hazijaja

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Gikomba, Nairobi. Ameshona sare 80 za shule kwa Sh1,500 kila moja, akapewa arubuni ya Sh50,000. Mteja amezibeba zote na tangu hapo hapokei simu.

Sh70,000 zinatosha kumpeleka mtu kortini?

Zinatosha kabisa. Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016 kwa ajili ya kesi za namna hii hii, na ilifungua milango Milimani Aprili 2021. Kikomo chake ni Sh1,000,000. Husikiliza madai ya bidhaa na huduma, mali iliyoharibiwa, hata fidia ya majeraha. Migogoro ya ardhi na ya ajira haigusi. Na anayedai Sh1,200,000 hawezi kuikata kesi vipande viwili ili kila kimoja kipenye: aziache zile 200,000 za juu au aende kwa hakimu.

Lazima awe na wakili?

Hapana. Atajisimamia mwenyewe au atamtuma mwakilishi aliyemwidhinisha. Anayesikiliza huitwa mwamuzi, naye hafungwi na kanuni kali za ushahidi. Kosa la kuogopwa zaidi ni kumshtaki asiye mdaiwa: kuandika "Mama Shiru", au jina lililo kwenye bango la duka, kumbe aliyeagiza ni kampuni yenye jina jingine kabisa kwenye rejesta.

Waliagana kwa mdomo tu. Ushahidi uko wapi?

Uko kibandani. Daftari la vipimo, lile lenye madoa ya chai na kiuno na kifua cha kila mtoto, ni ushahidi. Taarifa ya M-Pesa inayoonyesha arubuni ikiingia ni ushahidi. Kizito kuliko vyote ni ujumbe kama huu: "Fundi, nivumilie, salio nitatuma Ijumaa." Hakuna anayeomba muda wa kulipa deni asilolijua. Ujumbe huo usifutwe, na simu yenyewe isiuzwe. Kisha iandikwe barua ya madai yenye kiasi na tarehe ya mwisho ya kulipa, nakala ibaki kwa fundi.

Kesi itachukua muda gani?

Sheria inataka iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Rufaa huenda Mahakama Kuu, kwa hoja za kisheria pekee.

Akishinda, analipwa?

Si lazima, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Mdaiwa akikaidi, mshindi ndiye anayerudi kuomba hukumu itekelezwe: dalali akamate mali, au fedha zilizo benki zizuiwe. Hatua hizo nazo zina gharama. Basi kabla ya kulipa ada ya kwanza, fundi achunguze mdaiwa ana nini: duka, gari, akaunti? Kama mfuko wake mtupu, makubaliano yaliyosainiwa ya Sh10,000 kwa mwezi, miezi saba, yatamfaa kuliko ushindi wa karatasi.

Ila asikawie mno. Dai la mkataba halifunguliwi tena baada ya miaka 6.