Maryland katika Bunge la Marekani: Nani Huhesabiwa, Nani Husemewa

Mara nyingi twaulizwa: Mbunge humsemea nani hasa? Jibu jepesi ni kwamba humsemea kila mtu aliyehesabiwa katika nchi ya kwao. Hebu tulipime jibu hilo kwa kutazama jimbo moja la Marekani, nalo ni Maryland (jimbo la serikali, si la askofu), ambalo habari zake zatugusa sisi Wakatoliki kuliko za majimbo mengine ya nchi ile.

Maryland ilianzishwa mwaka 1634 na jamaa ya Calvert, Wakatoliki wa Uingereza, ili wenzao wapate mahali pa kusali bila kuudhiwa. Baadaye utawala uliwaponyoka, na mwaka 1718 sheria iliwanyang'anya Wakatoliki haki ya kupiga kura. Basi Charles Carroll wa Carrollton, aliyezaliwa mwaka 1737 katika nyumba yenye mali nyingi mno, alikuwa mtu mzima asiye na ruhusa ya kuchagua hata mjumbe wa baraza la kwao. Mwaka 1776 mambo yaligeuka. Katiba mpya ya Maryland iliwafungulia Wakristo wote mlango wa madaraka (Wayahudi walingoja hata mwaka 1826), na Carroll akawa Mkatoliki pekee aliyetia sahihi yake katika Tangazo la Uhuru wa Marekani.

Bunge la kwanza la Katiba ya sasa lilipokutana mwaka 1789, Maryland ilikuwa na maseneta wawili, ambao kila jimbo hupewa sawasawa, kubwa kwa dogo, na wawakilishi sita. Carroll alikuwa seneta. Katika Baraza la Wawakilishi aliketi jamaa yake Daniel Carroll, kaka wa John Carroll, askofu wa kwanza wa Marekani. Maseneta wa siku zile hawakuchaguliwa na wananchi bali na mabaraza ya majimbo yao, na desturi hiyo ilidumu hata mwaka 1913. Mwaka 1792 Maryland ilikataza mtu mmoja kukalia viti viwili, cha jimbo na cha taifa. Carroll akaacha kile cha taifa. Leo ni nani angefanya hivyo?

Sasa tufike penye uzito. Viti vya Baraza la Wawakilishi hugawanywa kwa hesabu ya watu, na Katiba iliagiza kwamba kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Hesabu ya mwaka 1790 iliikuta Maryland na watu 319,728, na katika hao 103,036 walikuwa watumwa. Kila watu 33,000 walipewa mwakilishi mmoja. Msomaji mwenye kalamu na afanye hesabu mwenyewe: watu huru peke yao wangeipatia Maryland viti sita, kwa kuongeza zile sehemu tatu za tano, ilipata vinane. Viti viwili vilisimama juu ya migongo ya watu wasioweza kumchagua wala kumkataa yeyote aliyevikalia, na ambao minyororo yao ilitetewa mle mle Bungeni.

Wala tusijifiche nyuma ya sifa za akina Carroll. Charles Carroll mwenyewe alimiliki mamia ya watumwa. Mwaka 1838 mapadre Wayesuiti wa Maryland waliuza watumwa 272, wengi wao wakapelekwa kwenye mashamba ya Louisiana. Waliosafirishwa walitoka katika hesabu ya jimbo moja wakaingia katika hesabu ya jingine, na kura hawakuwa nayo huku wala kule.

Utumwa ulikomeshwa Maryland mwezi wa Novemba 1864, na mwaka 1868 badiliko la Katiba likaifuta ile hesabu ya tatu kwa tano. Wakati huo viti vya jimbo, vilivyokuwa vimefika tisa tangu mwaka 1803, vilikwisha kushuka hadi vitano, kwa maana nchi za magharibi zilijaa watu upesi kuliko pwani ya zamani. Vilirudi kuwa vinane mwaka 1963. Lakini Mwafrika wa kwanza wa Maryland kuingia Baraza la Wawakilishi, Parren Mitchell, aliapishwa mwaka 1971, zaidi ya miaka mia moja baada ya minyororo kufunguliwa. Seneta wa kwanza wa asili hiyo kutoka Maryland, Angela Alsobrooks, aliapishwa Januari 2025.

Limebaki jambo moja ambalo watu husahau. Maryland ilitoa sehemu ya ardhi yake ili mji mkuu wa Washington ujengwe, na mmoja wa makamishna watatu waliosimamia upimaji wake alikuwa Daniel Carroll yule yule. Virginia nayo ilitoa sehemu, kisha ikarudishiwa katika miaka ya 1840, hivyo mji wote wa leo umekaa juu ya ardhi iliyokuwa ya Maryland. Wenyeji wa ardhi ile walikuwa wakichagua wajumbe wa Bunge pamoja na wenzao wa Maryland, lakini tangu mwaka 1801 haki hiyo iliwatoka. Wakazi wa Washington, zaidi ya laki sita, huhesabiwa na kulipa kodi. Seneta hawana hata mmoja, na mjumbe wao katika Baraza la Wawakilishi huruhusiwa kusema, ila sheria inapopigiwa kura ya mwisho, kura yake haimo.