Mkoba wa Kiunoni kwa Mwenye Kwenda Rungwe

Baadhi ya wanachama wanaofikiri kwenda Bara kutazama mashamba ya chai, ndizi na maparachichi katika wilaya ya Rungwe wametuuliza wachukue nini safarini. Juu ya nguo na nauli hatuna mengi ya kusema, kwani kila mtu aujua mfuko wake. Lakini kiko kitu kimoja ambacho sisi watu wa visiwani hukidharau, nacho ni mkoba mdogo wa kufunga kiunoni, wenye vitu vichache vya kumfaa mtu akipotea au akipatwa na dhara porini. Somo letu safari hii ni juu ya mkoba huo: jinsi ya kuuchagua na jinsi ya kuupakia.

Kwanza yafaa tujue nchi yenyewe. Masingini, kilima tunachokihesabu kuwa kirefu hapa Unguja, hakifiki mita 150. Tukuyu, makao makuu ya wilaya ya Rungwe, ni kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Mlima Rungwe wenyewe, ambao ni volkano iliyolala, wapata mita 2,960. Kanuni ni kwamba kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa kadiri ya digrii 6. Fanyeni hesabu wenyewe: siku ambayo Mkokotoni joto ni digrii 28, Tukuyu huenda likawa 19, na kileleni 10 au chini yake, tena bado hatujahesabu upepo. Mvua nayo si ya kuchezea. Huanza Novemba na kuendelea mpaka Mei, na ziko sehemu za wilaya hiyo zipatazo zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka. Hata Pemba, ambayo twaisifu kwa mvua, haifikii hapo.

Basi mgeni akishamaliza kutazama chai, hupenda kupanda mlimani au kwenda kuona Ziwa Ngozi, lililo ndani ya shimo kubwa la volkano, njia ya Isongole. Hapo ndipo hatari ilipo. Ukungu hushuka ghafula, na mtu aliye hatua 20 mbele yako humwoni. Njia ni udongo wa volkano, nao ukirowa huteleza kama sabuni. Ukingo wa Ngozi kwa ndani ni genge. Na msitu ni mnene kweli: yuko kima mkubwa katika milima ile, aitwaye kipunji, ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja, lakini wataalamu hawakumwona kwa macho yao mpaka mwaka 2003, na habari zake zikachapishwa 2005. Msitu ulioweza kumficha mnyama mzima kwa wataalamu muda wote huo hautashindwa kumficha mwanachama mmoja kwa usiku mmoja.

Kinachoua mahali kama hapo, mara nyingi si njaa wala mnyama. Ni baridi pamoja na maji. Mtu aliyerowa, amevaa nguo ya pamba, akasimama katika upepo, hupoteza joto la mwili upesi sana hata kama hakuna barafu. Kwanza hutetemeka. Kisha vidole humkataa, hawezi kufunga kifungo. Kisha maneno yake huwa mazito kama ya mlevi, naye huanza kufanya mambo yasiyo na akili. Mtetemeko ukikoma na hali hajapata joto, msidhani amepona. Hapo ndipo pabaya zaidi. Tumelitaja hili mapema kwa sababu kila shauri tutakalolitoa juu ya mkoba latoka hapa: vitu viwe vya kuzuia maji na baridi, na mkoba uweze kufunguliwa na vidole vilivyokufa ganzi.

Huenda mtu akauliza, kwa nini kiunoni? Kwa nini visikae katika mfuko wa mgongoni? Jawabu ni kwamba mfuko wa mgongoni huvuliwa. Mtu huutua apumzike, au humpa kijana wa kuchukua mizigo, au huuacha garini akisema anakwenda kutazama mara moja tu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Wazee wetu walilifahamu hili: fedha ya safari haikutiwa kikapuni, ilitiwa katika mkwiji uliofungwa kiunoni chini ya kanzu, na asiye na mkwiji alikuwa na kibindo. Wala si wazee wetu peke yao. Mwaka 1991, katika milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, ilionekana maiti ya mtu aliyehifadhiwa na barafu kwa miaka zaidi ya 5,000. Kiunoni alikuwa na mshipi ulioshonewa kijaluba cha ngozi, na ndani yake vipande vya jiwe kali la kukatia na kutobolea, sindano ya mfupa, na uyoga mkavu wa kuwashia moto. Tukiutazama mkoba ule twaona hapana hata kitu kimoja cha upuuzi ndani yake.

Sasa kuchagua. Msinunue mkubwa. Ukubwa wa viganja viwili vilivyowekwa pamoja watosha, na unene wa ngumi moja. Mkoba mkubwa hujazwa kwa sababu una nafasi, kisha huwa mzito, kisha huvuliwa, na ukishavuliwa faida yake yote imekwisha. Ukijaa usipite nusu kilo. Utazameni mgongo wake: mkoba mzuri una vitanzi viwili vipana ambamo mshipi hupita, si kibanio cha kuchomeka, kwani kibanio huchomoka mtu anapopenya vichakani. Mkoba wenye mshipi wake wenyewe pia wafaa, maadamu bizimu ni madhubuti.

Ngozi hupendeza na hudumu, lakini katika unyevu wa Rungwe huota kuvu na kuwa nzito. Sisi twapendelea turubai nene au nailoni, yenye kifuniko kirefu kinachoshuka mbele kupita mdomo wa mkoba. Zipu ni nzuri ikiwa na meno makubwa, tena ifungwe kamba fupi ya kushika, kwani kile kichuma kidogo hakishikiki kwa vidole vyenye baridi. Fundi cherehani yeyote wa mahema au fundi viatu wa Darajani au Chake Chake aweza kukushonea, nawe umwambie atumie uzi wa nailoni na kushona mara mbili penye vitanzi.

Uvae kwa mbele, upande mmoja wa nyonga. Usiuweke katikati ya mgongo, maana ukianguka chali utaangukia kisu na tochi kwa uti wa mgongo. Usiuweke katikati ya tumbo, maana utakuzuia kuinama. Jaribuni nyumbani: chuchumaa, panda ngazi, kimbia kidogo. Wachumaji wetu hawahitaji kufundishwa haya, kwani mtu apandaye mkarafuu ajua mara moja kitu gani kiunoni hunasa matawi na kipi hakinasi.

Ndani mtie nini? Kitu cha kwanza ni mfuko mkubwa wa nailoni, ule wa kutilia taka, uliokunjwa mpaka uwe kama kitambaa cha mkononi. Toboa tundu la kichwa, uvae, ukae juu ya majani makavu au matawi ili usiguse ardhi yenye maji. Hauna sura nzuri, lakini hakuna kitu chepesi kama hicho kinachozuia mvua na upepo kwa pamoja, na lau tungalazimishwa kuchagua vitu viwili tu, kimoja kingalikuwa hicho.

Cha pili kingalikuwa filimbi. Sauti ya mtu hukauka baada ya nusu saa ya kupiga kelele, filimbi haikauki. Piga mara tatu, nyamaza kiasi cha dakika moja usikilize, kisha urudie. Ifungwe kwa uzi nje ya mkoba, isitiwe chini ya vitu.

Kisha tochi ndogo, na betri moja igeuzwe kinyume ili isijiwashe njiani. Kiberiti cha njiti kitiwe katika kichupa chenye kifuniko cha kukaza, pamoja na kipande cha mshumaa. Kiberiti cha gesi pia kiwepo, ila kikipata baridi hutaka kupashwa mkononi kwanza. Tukumbushe kwamba Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Moto huko si wa kupikia chai ya matembezi, ni wa siku ya shida tu. Kisu kidogo cha kukunja, kamba nyembamba mita 10, bendeji pana moja, plasta chache, sindano na uzi, na pakiti ya chumvi na sukari ya maji ya mgonjwa. Tende tano au karanga zilizofungwa vizuri. Halua hatuishauri, ingawa tunajua wako watakaoichukua. Na chembe chache za karafuu ya shamba lako mwenyewe, maana jino likiuma mlimani hakuna pa kwenda.

Juu ya kisu na bendeji, neno moja. Mtu akiumwa na nyoka, msichanje jeraha wala kulinyonya, wala msifunge kamba ya kukaza. Mgonjwa atulie, kiungo kisitikiswe, kifungwe gango kama cha mvunjiko, achukuliwe hospitali.

Simu nayo ichukuliwe, lakini si badala ya mkoba. Katika mabonde mtandao hupotea, na baridi hula betri. Kwa hiyo itiwe katika nailoni na kukaa kifuani, karibu na mwili. Namba ya dharura ni 112. Kabla ya kupanda, mwambieni mwenyeji wenu mnakwenda wapi na mnarudi saa ngapi, wala msiende bila mwongozaji wa pale pale.

Katika kupakia, kitakachotakiwa upesi kikae juu: nailoni na tochi. Chakula na sindano vikae chini. Mkirudi Tukuyu, toeni kila kitu, mgeuze mkoba ndani nje, mwuanike kivulini mpaka bitana ikauke kabisa, na betri zitolewe kabla ya kuuweka, kwani zikivuja ndani huiharibu tochi.