Uzito wa Kiambatisho Usiouona

Maombi ya kazi yaliyotumwa saa moja kabla ya mwisho yanaweza kukwama kwa sababu ya uzito wa vyeti vilivyoskaniwa tu. Barua hurudi na maelezo ya Kiingereza yenye namba 552, na wengi huyafuta bila kuyasoma. Yasome. Mara nyingi yanasema ama barua imezidi uzito unaokubalika, ama kisanduku cha mpokeaji kimejaa. Ukipunguza faili wakati kisanduku ndicho kilichojaa, utahangaika bure.

Gmail huruhusu viambatisho vya MB 25 kwa barua moja, yaani jumla ya vyote. Hicho ni kikomo cha upande wako. Seva ya mpokeaji nayo ina chake, na kilicho kidogo ndicho kinachoamua. Ofisi ikiwa imeweka MB 10, faili la MB 20 litaondoka kwako salama na kukataliwa mlangoni kwao.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza hata wazoefu. Barua pepe ilianza kama chombo cha kubeba maandishi matupu. Mwaka 1992 ulitangazwa utaratibu wa MIME, kazi ya Nathaniel Borenstein na Ned Freed, unaowezesha picha na nyaraka kusafiri zikiwa zimegeuzwa kuwa herufi. Katika ugeuzaji huo kila baiti 3 huwa herufi 4, hivyo faili huongezeka kwa theluthi moja. MB 18 husafiri zikiwa zaidi ya 24. Ndiyo maana kwa ofisi usiyoijua nashauri usivuke MB 7.

Kupunguza kuanzie kwenye skana. Mwombe mhudumu wa steshenari askani kwa dpi 150 au 200, rangi ya kijivu, kisha aunganishe kurasa zote kuwa PDF moja. Cheti kitasomeka vizuri. Kufunga picha za JPEG au video kwenye zip hakusaidii, kwani zimekwisha kubanwa. Na tovuti za bure za kupunguza PDF zisipewe kitambulisho chako. Hujui nani anabaki na nakala.

Faili likibaki zito, lipakie Google Drive, ambako akaunti ya bure ina GB 15 zinazogawanywa na Gmail pamoja na picha zako, kisha tuma linki. Hapa ndipo wengi huharibu. Faili jipya huwa limefungwa kwa wengine, na mwajiri mwenye maombi mengi mezani hatakuandikia kuomba ruhusa. Weka anwani yake kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kusoma. Ukifungua kwa yeyote mwenye linki, jua kwamba kila atakayetumiwa linki hiyo ataona vyeti vyako. Ukichagua njia hii ya pili, ijaribu linki mwenyewe kwenye dirisha la faragha la kivinjari kabla ya kutuma. Tangazo likidai viambatisho, usipeleke linki.

Kwa WhatsApp, tuma kama hati, maana ukituma kama picha ya kawaida ubora hupungua. Hati inaweza kufika GB 2, ila kupakia kutakula bando lako na kupakua kutakula la mwenzako, kwa hiyo mwulize kwanza.

Ukitumia kompyuta ya steshenari, toka kwenye akaunti yako, futa nakala zilizobaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa, kisha umwage na pipa la taka la kompyuta hiyo.